Kiti cha Wachokwe: Nakala au Utohozi?

Waandishi kadhaa wa sanaa za Afrika ya Kati wamezoea kukieleza kiti cha enzi cha Wachokwe wa Lualaba na Angola, ngundja, kuwa ni nakala ya kiti cha Kizungu. Kwa upande wa umbo hawakukosea. Vigoda vya jadi huchongwa katika gogo moja. Ngundja huundwa kwa vipande vilivyounganishwa, kina egemeo, huwambwa ngozi, na mara nyingi hupigiliwa misumari ya shaba yenye vichwa vipana, kama viti vya Kireno vya karne ya 17. Neno “nakala” ndilo lenye kasoro.

Itazamwe kwanza Ulaya yenyewe. Seremala wa Uingereza wa karne hiyo, aliyeunda kiti cha mwaloni kwa ndimi za mbao zilizokazwa matunduni kwa vijiti, alizirundika nakshi zake katika ubao wa egemeo: matao, maua, pengine herufi za jina la mwenyewe na mwaka. Mwenyewe akiketi, mgongo wake huzifunika. Mbao za chini, zinazofunga miguu ya kiti, kwa kawaida ziliachwa tupu. Wareno waliipamba ile ya mbele kwa majani na mizingo, basi.

Mchongaji wa Kichokwe aliwajaza watu hapo hapo. Wanawake wanatwanga, wapagazi wamebeba tipoi, wawindaji wanarudi, vijana wamo katika jando la mukanda. Juu ya egemeo huweza kuwapo sura ya kinyago cha Chihongo. Mwanangana akiketi, hakifichiki kitu katika mbao hizo. Walioketi chini mbele yake huiona nchi ikiwa imembeba. (Kama hiyo ni sifa au ni onyo, kiti hakisemi.)

Wanafunzi wa Kiswahili wanalo jina la jambo hili. Meza ilitoka kwa Wareno. Kitabu, kilichotoka kwa Waarabu, kilipewa wingi wa vitabu kwa sheria za Kibantu. Hakuna anayemwambia msemaji kwamba anaiga. Ametohoa.

Marie-Louise Bastin, katika Art décoratif tshokwe (1961), alizitaja nakshi kwa majina yake ya Kichokwe. Vibandiko vya makumbusho vingefaa kumfuata, na wapiga picha wapige magoti: picha inayopigwa kwa kimo cha mtu aliyesimama hutukuza egemeo, mahali alipopathamini seremala wa mwaloni.