Wimbo wa Shukrani wa Martin Rinckart

Ni chache nyimbo za Kikristo zilizoimbwa na watu wengi kama ule wa shukrani alioutunga Martin Rinckart, mchungaji wa mji wa Eilenburg katika Ujerumani. Wenyeji wake huuita Nun danket alle Gott. Huimbwa wakati wa mavuno na wa harusi. Hata askari wa Prussia waliuimba baada ya vita vya Leuthen, mwaka 1757. Twataka kuuangalia tena, maana habari yake husimuliwa vibaya, na masimulizi hayo huwaumiza waliofiwa.

Vita vya Miaka Thelathini vilianza mwaka 1618. Watu wengi walikimbilia Eilenburg kwa sababu ya boma lake, na njaa na tauni zikawafuata humo. Mwaka 1637 Rinckart alibaki karibu peke yake katika kazi ya uchungaji, akazika watu zaidi ya elfu nne, siku nyingine arobaini au hamsini. Mkewe naye alikufa mwaka huo. Basi msimuliaji humwonyesha akirudi makaburini, mavumbi miguuni, akiketi kuandika shukrani. Kisha humgeukia mjane aliye mbele yake, humwambia, "Nawe shukuru." Sisi tumeyasikia maneno hayo penye matanga, tukamwona mama akiinamisha kichwa asijibu neno.

Walakini wengi walioichunguza habari hii huona kwamba wimbo ulitungwa kabla ya tauni ile, karibu na mwaka 1630 au 1636, nao ulikuwa sala ya mezani. Usomeni, mtaiona meza yenyewe. Ubeti wa kwanza wataja moyo, kinywa na mikono, tena wema wa Mungu tangu tulipobebwa na mama zetu. Hapana neno kubwa hapo. Mtoto angojaye chakula chake aelewa yote. Mengi ameyatwaa katika sura ya 50 ya Yoshua bin Sira, wala hakutafuta kuyapamba. Ubeti wa pili si shukrani tu, bali ni ombi: ataka moyo wa furaha, na amani, na kuokolewa katika taabu. Mtu aombaye amani hadai kwamba anayo. Vita vilikuwa nchini mwake alipokuwa akiyaandika hayo, naye hakujifanya kipofu. Ubeti wa tatu wausifu Utatu kwa desturi ya nyimbo za kanisa. Hatuna la kusema juu yake.

Ikiwa ndivyo, shukrani hii haikuzaliwa kaburini. Ilizoezwa nyumbani, penye mkate, siku kwa siku, ndipo ikaingia katika mwaka 1637. Kwetu hili ni kubwa kuliko hadithi ile ya mavumbi. Tena mwenye shukrani hii hakunyamaza mbele ya wakubwa. Mwaka 1639 askari wa Uswidi walipoutoza mji thaler 30,000, Rinckart alitoka kuwasihi. Walipomkatalia, aliwakusanya watu wake wakapiga magoti kuomba. Mwisho malipo yakapunguzwa sana.

Kasoro ya wimbo twaisema wazi: hautaji hata kaburi moja. Aliyefiwa jana hayakuti machozi yake humo. Atayakuta katika Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani, nayo ni Neno la Mungu vilevile. Kwa hiyo twawaomba waalimu wenzetu waufundishe wimbo huu siku isiyo na jambo, kabla ya uji wa asubuhi, na penye matanga wamwachie mjane Zaburi yake, wamchotee maji na kumletea kuni. Akiuimba mwenyewe baadaye, vema.

Sauti tunayoiimba ilichapwa na Johann Crüger mwaka 1647. Amani aliyoiomba Rinckart ilikuja mwaka 1648, naye akafa mwaka uliofuata, katika mji uleule wa Eilenburg.