Mgeni Njoo, Pampu Ipone

Injini kuu tatu zilizofungwa mkiani mwa Discovery, Atlantis na vyombo vingine vya anga vya Marekani vya aina ya shuttle zilibuniwa na kampuni ya Rocketdyne, na kwa miaka mingi pampu zake za shinikizo kubwa zilitoka kiwandani humohumo. Mwaka 1986, NASA iliipa Pratt & Whitney, wajuzi wa injini za ndege, kazi ya kubuni pampu mbadala zitakazoingia kwenye injini ileile bila kuibadilisha. Pampu hizo zilifaulu, na ni rahisi kuhitimisha kwamba mhandisi wa nje alimshinda wa ndani. Kwa maoni yangu, kilichoshinda ni masharti mapya ya kazi.

Tuanze na mzani wenyewe. Pampu ya haidrojeni ya Rocketdyne ilizunguka mara zipatazo 35,000 kwa dakika na kutoa nguvu ya farasi takriban 70,000. Upande mmoja iliingia haidrojeni ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Upande wa pili, ndani ya mashine hiyohiyo, gesi ya moto mkali ilisukuma turbini. Mapanga ya turbini yalipata nyufa. Kwenye pampu ya oksijeni, gololi za beringi zililika, maana oksijeni ya kimiminika hailainishi chuma kama oili. Kwa hiyo pampu zilifanya kazi yake angani, kisha zikawaelemea mafundi chini: kufungua, kukagua, kubadilisha. Msukumo haukuwa tatizo. Kilichotafutwa ni pampu itakayoruka safari nyingi kabla ya kufunguliwa.

Pratt & Whitney walipunguza viungo vya kuchomelea vya pampu ya oksijeni kutoka 300 hivi hadi 6, kwa kusubu vipande vikubwa badala ya kuunga vidogo. Gololi za chuma, zilizowasumbua hata wao, waliziacha wakachukua za kauri ya silikoni nitridi, ngumu zaidi kwa asilimia 30 na nyepesi kwa asilimia 40. Lakini pampu nzima ilikuwa nzito kuliko ya zamani, na kwa kuwa injini hizo zilikwenda na chombo hadi kwenye mzingo, kila kilo iliyoongezeka ilipunguza kilo moja ya mzigo. Rocketdyne, waliobuni mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibanwa na uzito. Mgeni alisamehewa sehemu ya deni hilo.

Je, Rocketdyne wasingeweza kupewa msamaha uleule? Wangeweza, na pengine wangefika mbali. Ila mwenye kitu ana majaribio ya miaka mingi yaliyoithibitisha pampu yake jinsi ilivyo, na kila badiliko kubwa linayabatilisha. Ndiyo maana hurekebisha kiungo kimoja kimoja. Asiye na ushahidi wa zamani hana cha kupoteza akianza upya.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni muda. Kazi ya pampu ya haidrojeni ilisimamishwa mwaka 1991 kwa ajili ya bajeti, ikarejewa 1994, na pampu ikaruka 2001, miaka 15 baada ya mkataba. Hapo sina utetezi. Tena katikati ya safari hiyo Rocketdyne walileta chumba cha mwako chenye koo pana, kilichoruka mara ya kwanza Januari 1998, kikashusha shinikizo na joto vilivyozikabili pampu zote, mpya na kuukuu. Anayesifu uimara wa pampu ya haidrojeni ya 2001 hana budi kumgawia sifa mwenye injini. (Mwaka 2005 Pratt & Whitney waliinunua Rocketdyne yenyewe, ubishi ukawa wa ndugu.)

Kilichofanywa vizuri bila shaka ni utaratibu wa kuziingiza. Kwenye safari ya shuttle iliyoitwa STS-70, Julai 1995, pampu mpya ya oksijeni ilifungwa kwenye injini moja tu kati ya tatu. STS-104, Julai 2001, ikafanya vivyo hivyo kwa pampu ya haidrojeni. Za zamani na mpya zikanywa tangi moja na kutikiswa na chombo kimoja, jambo ambalo jukwaa la majaribio haliwezi kuliiga lote. Safari moja haithibitishi kwamba pampu itadumu kwa safari 10, lakini huonyesha kama inapatana na jirani zake. Injini tatu zote za aina mpya ziliruka pamoja Aprili 2002, kwenye STS-110.