Maonyo kwa Wote, Giningi kwa Wachache: Kuhusu Vitabu Tunavyowapendekezea Vijana wa Masasi na Newala

Makala haya yanahusu swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamewaachia walimu wa shule, nao walimu wameiachia orodha ya vitabu teule: kijana wa miaka kumi na mitano, wa Masasi au wa Newala, apendekezewe kitabu gani anapotaka kusoma kuhusu mambo magumu? Mambo magumu ninayoyakusudia ni yale yanayomzunguka: mimba ya mwanafunzi mwenzake, maradhi yasiyotajwa kwa jina, ulevi wa mzazi, shule inayokatizwa, bei ya korosho inayopangwa mnadani na watu asiowaona. Hoja ya msingi ni kwamba vijana wote tunawapa fasihi ya maonyo, ilhali ile inayouliza dunia hii imepangwa na nani, na kwa faida ya nani, tunawatunzia wachache waliokwisha kuvuka chujio la mtihani. Kasoro hii ni ya kihakiki kabla ya kuwa ya kielimu.

Orodha yenyewe inajulikana. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne Tanzania Bara wamesoma riwaya za *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo (2002), *Joka la Mdimu* ya Abdallah Safari (2002) na *Takadini* ya Ben Hanson. Na katika tamthilia, *Kilio Chetu* (1996) iliyotolewa na Medical Aid Foundation, *Orodha* ya Steve Reynolds, na *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Anayefika kidato cha tano hukutana na *Kufikirika* ya Shaaban Robert na *Kivuli Kinaishi* ya Said Ahmed Mohamed (1990). Tofauti kati ya ngazi hizi mbili si ya ugumu wa lugha tu. Ngazi ya chini ina maradhi, dawa za kulevya, umaskini, ulemavu wa ngozi. Kwa jumla, ina masaibu. Ngazi ya juu ina dola za kubuni ambamo masaibu yana mtawala, sheria na watekelezaji. Binti aliyeacha shule kidato cha pili hakuifikia hata moja. Aliyeishia kidato cha nne ameondoka na maonyo peke yake.

Sipuuzi fasihi ya maonyo. *Kilio Chetu* ilithubutu, katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukizungumzwa kwa mafumbo ya woga, kuwaweka jukwaani wazazi wanaobishana iwapo watoto waelezwe habari za mwili wao au wafichwe. Tatizo liko katika muundo wake. Nyumba inayosema humwokoa mtoto, na nyumba inayonyamaza humpoteza: Joti anakufa, Anna anaachwa na mimba na virusi, Suzi anasalimika. Kama mwanaisimu navutwa na umbo la kitenzi lililofichika chini ya msuko wa namna hii. Ni sentensi ya *-ki-* ya masharti inayofuatwa na *-ta-*: ukifanya hivi, utapata vile. Sharti hilo humlenga mtendaji mmoja, tena mara nyingi aliye mdogo kuliko wote jukwaani. Halina nafasi ya swali la *-nge-*: ingekuwaje kama mambo yangepangwa vingine? Fasihi ya distopia, kinyume chake, huishi ndani ya *-nge-*. Huunda hali nzima isiyokuwapo ili iliyopo ionekane kuwa imeundwa.

*Orodha* ni kazi bora zaidi katika kundi hili, na sidhani kama imetendewa haki madarasani. Furaha amekufa, ameacha barua, na kijiji kizima cha watu wazima kinatetemeka kikidhani barua hiyo ina majina ya waliolala naye. Kumbe orodha ni ya mambo ambayo yangemwokoa. Katika mpindo huo lawama inahama kutoka kwa msichana kwenda kwa kijiji, naye padri na mfanyabiashara wanajikuta kizimbani bila kuitwa. Lakini angalia swali ambalo mtahiniwa hukabidhiwa: kwa kutumia tamthilia mbili ulizosoma, jadili ujumbe unaopatikana. Jibu huanza, karibu kila mara, na kitenzi kilekile: *anatufundisha*. Mwandishi anatufundisha kwamba vijana wajiepushe na anasa. Nimesimamia mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu huko kusini kwa misimu kadhaa, na naweza kusema kwamba hata *Watoto wa Mama N'tilie*, riwaya ambayo Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, hufupishwa ubaoni kuwa hadithi ya madhara ya ulevi wa Lomolomo. Ulevi umo, bila shaka. Ila mlango wa shule haukufungwa na Lomolomo.

Kwa nini nizungumzie Masasi na Newala, na si shule za Tanzania kwa jumla? Kwa sababu huko vijana wana shule nyingine, ya zamani kuliko ya serikali, inayofundisha mambo magumu kwa mbinu tofauti kabisa. Jando na unyago vimeandikwa sana: Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906 akirekodi nyimbo na ngoma, Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926, alijaribu kuliingiza jando ndani ya Ukristo, Terence Ranger akalirejea jaribio hilo katika utafiti wake wa 1972. Misheni ya UMCA ilikuwa imefika Masasi tangu 1876 chini ya Edward Steere, yuleyule aliyekusanya ngano za Unguja na kuandika sarufi ya Kiswahili. Tunaweza kusema, basi, kwamba kitabu cha Kiswahili kilifika Masasi kikiwa tayari na kazi ya kuongoa, na kwamba tangu siku hiyo kimekuwa kikishindana na kungwi.

Wahakiki hawajatilia maanani vya kutosha namna ya ushindani huo. Kungwi hafundishi kwa tangazo. Hufundisha kwa wimbo ambao maana yake haipatikani siku unapoimbwa, kwa kitendawili ambacho mwali atakaa nacho, kwa sanamu na ishara. Mwali hutoka akiwa amezoezwa kujua kwamba kinachosemwa sicho kinachokusudiwa. Ni mafunzo ya istiara. Mwanafunzi wa namna hiyo, akirudi darasani baada ya likizo na kupewa tamthilia inayomwambia waziwazi kwamba ngono ni hatari, amerudishwa nyuma kama msomaji, hata kama taarifa aliyopewa ni sahihi na ile ya unyagoni ilikuwa na upungufu.

Nisieleweke kuwa ninausifia unyago bila mipaka. Lawama kwamba unamtangulizia binti utu uzima si za kubuni tu, na wanaozitoa wengi ni wanawake wa kusini wenyewe. Zaidi ya hayo, fumbo la unyagoni nalo lina kikomo chake: humfundisha mwali kuishi vizuri ndani ya mpangilio uliopo, bila kumwalika auhoji. Kwa hiyo kungwi na *Kilio Chetu*, pamoja na uhasama wao, wanakubaliana kwamba kinachopaswa kubadilika ni mwenendo wa kijana. Historia ya karibuni inaonyesha udhaifu wa makubaliano hayo. Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kuwafukuza shule wasichana waliopata mimba. Mwezi Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba hawatarudi. Novemba 2021 serikali ikatangaza kuwa wanaweza kurudi. Kati ya tamko na tamko, mwenendo wa wasichana haukuwa umebadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni uamuzi wa dola. Kijana aliyelelewa na fasihi ya *ukifanya utapata* hana chombo cha kuusomea uamuzi kama huo.

Chombo hicho tunacho, na ni kikongwe. Baadhi ya wahakiki huiona distopia kuwa bidhaa mpya iliyoletwa na filamu za Marekani, hasa baada ya *The Hunger Games* ya Suzanne Collins (2008). Lakini *Kusadikika* ilichapishwa mwaka 1951. Nchi inayoelea angani, waziri aitwaye Majivuno, mshtakiwa aitwaye Karama ambaye kosa lake ni kufundisha elimu ya sheria, na wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta maarifa wakarudi nayo na kutupwa gerezani: ni distopia iliyokamilika, iliyoandikwa chini ya ukoloni na mtumishi wa serikali hiyohiyo ya kikoloni. Mwaka 1967 Fortunatus Kawegere akaipa lugha yetu *Shamba la Wanyama*. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini Kenya, aliandika *Walenisi* (1995), ambamo Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani katika chombo, akafika kwenye sayari ambayo jina lake, ukilitenganisha, linasema *wale ni sisi*. Alena Rettová ameisoma riwaya hiyo (2017) kama bunilizi ya kisayansi yenye falsafa ya mambo yanayowezekana, na usomaji wake umefungua njia. *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi naziweka kando hapa. Ni kazi kubwa, lakini anayempa mwanafunzi wa kidato cha pili *Nagona* anatafuta kumchukiza na kusoma.

Kazi ninayoipendekeza kwanza ni *Kivuli Kinaishi*. Giningi, ambayo katika simulizi za Zanzibar ni makao ya wachawi, hapa imekuwa dola. Bi Kirembwe anatawala kwa unga wa ndere: raia hulishwa, nao wakishalishwa hutii, na wakitii hudhani wanapenda kutii. Sababu zangu za kuitanguliza ni tatu, na hazina uzito sawa. Ndogo ni kwamba ni tamthilia, hivyo nakala chache zinaweza kutumika kwa kusomeshana kwa sauti, na anayezijua maktaba za shule za wilaya atanielewa. Ya pili ni lugha yake, ambayo ina mwendo wa hadithi ya jioni hata inapotisha. Kubwa ni kwamba inamrudishia mwanafunzi wa Newala ustadi aliotoka nao unyagoni, kisha inaugeuza. Anajua kulifumbua fumbo. Sasa fumbo linamhusu anayefumba. Unga wa ndere ni nini hapa kwetu? Nani anausaga? Swali hilo halina jibu la *anatufundisha*.

Nakubali kwamba kuna pingamizi lenye nguvu. Distopia zetu karibu zote zina mashujaa watu wazima. Karama ni mtu mzima, Dzombo ni mtu mzima, na K wa *Babu Alipofufuka* (2001) ni mtu mzima aliyekwisha kuoza na mamlaka. Katniss wa Collins ana miaka kumi na sita, na hilo ni sehemu ya siri ya mvuto wake: msomaji wa umri huo anaona kwamba dola inamwogopa. Katika fasihi ya Kiswahili, kijana akiwa mhusika mkuu ni wa kuonywa. Akiwa katika dola ya kubuni, ni mtazamaji au msikilizaji wa hadithi. Bado sijakutana na riwaya ya Kiswahili inayoziunganisha nafasi hizo mbili kikamilifu. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi (1971) iliukaribia ujasiri huo kwa upande wa masaibu, ikamtazama binti bila kumhubiria na kumfikisha baba yake mbele ya hukumu, nayo ikazuiwa shuleni. Adhabu hiyo nadhani iliwafunza waandishi waliofuata somo ambalo hawakulihitaji.

Mwandishi atakayeliziba pengo hili hahitaji kwenda mbali kutafuta mali ghafi. Newala iko ukingoni mwa uwanda ambao kwa vizazi watu wake waliteremka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Zao lake kuu huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na pembeni yake kuna kangomba, anayenunua korosho zingali mtini kwa bei ya njaa. Novemba 2018 Rais aliamuru jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya kijeshi yakaingia vijijini kuchukua mazao ya wakulima. Hebu mtu asogeze picha hiyo mbele kwa miaka arubaini: maji yana mnada, salfa ina kadi, na msichana wa miaka kumi na mitano ndiye anayejua kusoma mizani. Hakuna hata kitu kimoja hapo kitakachohitaji maelezo ya chini ya ukurasa kwa msomaji wa Tandahimba.

Mpaka riwaya hiyo iandikwe, mwalimu anaweza kufanya jambo moja ndani ya orodha iliyopo, nalo ni kubadili mfuatano. *Kivuli Kinaishi* isomwe kidato cha pili, nje ya mtihani, kwa sauti. Ifuatwe na sehemu ya kesi katika *Kusadikika*, na msamiati wake wa Kiarabu uelezwe bila haraka. Kisha ndipo *Watoto wa Mama N'tilie* ifunguliwe kidato cha tatu, ili mwanafunzi anapofika pale Peter na Zita wanaporudishwa nyumbani awe tayari anayo Giningi kichwani. *Orodha* nayo ifuate. *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), pamoja na kijiji chake cha utandawazi na masihara yake juu ya vitabu vingine, ibaki kidato cha tano, kwa kuwa utamu wake unamtaka msomaji aliyekwisha kusoma vingi.