Jogoo wa Kubaki

Siku ya kupima ndiyo siku ya kazi yenyewe. Vifaranga waliototolewa pamoja, wakalelewa chini ya paa moja na kula chakula kimoja, wametimiza wiki nane. Wanafungwa miguu mmoja mmoja na kuning'inizwa kwenye mizani ya ndoano, ya aina ile inayojulikana na kila mtu huku kwetu Kimulot, milimani, kwa kupimia majani chai. Kisha mizani inawekwa kando na mkono unashika zamu. Gumba linapita juu ya mfupa wa kidari kuona kama umenyooka na kama nyama imejaa pande zote mbili. Vidole vya miguu vinatazamwa kimoja kimoja. Sikio linasogezwa mgongoni kusikiliza pumzi. Mwisho jogoo anaachiwa atembee uani, na anayeketi baada ya hatua chache hawi baba wa mtu, hata akiwa mzito kuliko ndugu zake wote.

Sijui kazi ya uani inayostahili heshima kuliko hii ya kuchagua wazazi wa kuku wa nyama. Kununua vifaranga ni rahisi: unaagiza kwa agroveti, katoni inafika, na baada ya wiki sita hivi broila wako tayari kwa sufuria. Lakini huwezi kumwacha broila huyo atage, ukaangua mayai yake na kutarajia kupata wengine kama yeye. Ametokana na nasaba kadhaa zinazotunzwa mbali na kuchanganywa kwa hesabu. Watoto wake hutawanyika, huyu mkubwa, yule mdogo, wa tatu miguu imepinda. Mkulima wa chai ataelewa upesi. Ukitaka mche mwingine wa TRFK 31/8, unakata kijiti chenye jani moja, unakiotesha kitaluni, na mmea ni uleule. Ukipanda mbegu, kila mche unakuja na tabia yake. Kuku hana kijiti cha kukata. Kila kizazi chake ni mbegu, na kila kizazi lazima mtu achague upya.

Uchaguzi wa namna hiyo ndio uliomzaa broila mwenyewe. Mwaka 1948 ilifanyika Marekani fainali ya shindano la kumtafuta “kuku wa kesho”, na mfugaji wa California, Charles Vantress, akashinda kwa mchanganyiko wa Cornish na New Hampshire. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwalea kwa chakula kimoja kuku wa ukoo uliohifadhiwa tangu 1957 na broila wa 2005. Siku ya 56, wale wa zamani walikuwa na gramu 905. Wale wa 2005 walikuwa na gramu 4,202.

Sasa mlete broila huyo Kimulot, huku Konoin, ambako mita 2,000 juu ya usawa wa bahari si jambo la ajabu na asubuhi za ukungu ni nyingi. Hewa ni nyepesi. Mwili unaojenga nyama kwa kasi hudai oksijeni nyingi, na baridi huongeza dai hilo. Moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu kwenye mapafu yasiyotosha. Upande wake wa kulia unatanuka, unachoka, na maji yanavujia tumboni. Kuku anahema akiwa ameketi, kilemba kinageuka zambarau, tumbo linajaa na kuning'inia. Wafugaji wa nyanda za juu za Bolivia na Meksiko wanaujua ugonjwa huu vizuri. Na uchungu wake ni kwamba mara nyingi unamchukua yule aliyekuwa akiongoza kwa kukua. Kwa hiyo anayezalisha kuku wa nyama milimani hatafuti kasi peke yake. Anatafuta kasi ambayo moyo unaiweza.

Ndiyo maana msingi mzuri huwa mitetea wa kienyeji, ambao baridi hii wamezaliwa nayo, pamoja na jogoo mwenye mwili: wa kienyeji aliyeboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kutoka Naivasha, au Kuroiler, kuku wa Vinod Kapur wa India aliyepelekwa kujaribiwa vijijini Uganda mwaka 2010. Kuku wa shingo uchi, anayesifika Pwani kwa kustahimili joto, mimi simleti huku. Manyoya anayoyakosa ndiyo tunayoyahitaji. Watoto wa mchanganyiko wa kwanza hukua vizuri na kumfurahisha kila mtu. Wajukuu ndio hutawanyika, na hapo wengi hurudi kwa agroveti, wakati kazi ya kuchagua ndiyo kwanza inaanza.

Mtetea wa kienyeji ana neema nyingine: anaatamia. Mayai kumi, siku 21, na joto analo mwenyewe. Walioboreshwa wengi wamepoteza hamu hiyo, hivyo vifaranga wao huhitaji bruda yenye nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Watu huziba kila tundu kwa magunia na kuwasha jiko la makaa, wakiogopa baridi. Tundu la juu, chini ya mabati, liachwe wazi. Moshi na hewa nzito navyo huzaa maji ya tumbo.

Wazazi hawalishwi kama watoto. Jogoo wa nyama akila atakavyo hunenepa hata kupanda akashindwa, na mtetea mnene hutaga ovyo. Chakula chao kinapimwa, kisha wanaachwa wachakure kando ya zizi la ng'ombe.

Jogoo mmoja anawatosha mitetea wanane hadi kumi, ila asipande binti zake, na hapo ua mmoja hautoshi. Majirani wa mteremko mmoja wakikubaliana, jogoo wa juu anashuka na wa chini anavuka mto, kila mmoja na daftari lake: uzito, mama, na ndugu waliokufa. Ukurasa wa waliokufa ndio ninaousoma kwanza. Jogoo mzito ambaye ndugu zake watatu walivimba tumbo simpokei. Nipe aliyepungukiwa robo kilo, ambaye kizazi chake chote kiliivuka baridi ya Julai.