Maboksi ya Vitabu Tunayopeleka Nyumbani

Jumuiya zetu huku ugenini, ziwe za London, Muscat au Minneapolis, hazikosi kupata wazo hili jema: tukusanye vitabu, tuvipeleke katika shule ya msingi ya nyumbani, maktaba ifunguliwe. Watu hujitolea, maboksi hujaa, kontena husafirishwa, picha za uzinduzi huturudia nasi tukafurahi. Ni kazi ya heri na hatuna nia ya kuibeza. Lakini mhakiki akisimama mbele ya rafu ya vitabu hana budi kuuliza: ni vitabu gani hivi, na nani atavisoma?

Hebu tufungue boksi lenyewe. Aghalabu utakuta ensaiklopidia iliyopitwa na wakati, riwaya za watu wazima, vitabu vya hadithi za theluji na keki ya siku ya kuzaliwa, na mwongozo wa programu ya kompyuta isiyotumika tena. Karibu vyote ni vya Kiingereza. Huvumiliwa kwa sababu ni vya bure, na kwa sababu mtoaji alitaka kupunguza mrundikano nyumbani kwake.

Sasa mtazame msomaji. Ni mtoto wa Darasa la Tatu, tuseme Lushoto au Kilwa, katika shule ya serikali ambako masomo yanafundishwa kwa Kiswahili. Majaribio ya mwanzo ya Uwezo nchini Tanzania, kiasi cha mwaka 2010 na 2011, yalionyesha kwamba katika kila watoto kumi wa darasa hilo, kama watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Mtoto anayesitasita katika lugha anayoisikia kila siku, sisi tunamkabidhi kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Leeds! Ataangalia picha, atakifunga, na kuondoka akiamini kuwa vitabu ni mambo ya watu wengine.

Wapo watakaotujibu kwamba sekondari ni Kiingereza, kwa hiyo heri mtoto azoee mapema. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, hasa kwa wale waliofanikiwa. Lakini kujua kusoma ni kazi ya mara moja. Mtoto akishajua kuzipa herufi maana katika lugha anayoielewa, ujuzi huo huenda naye katika lugha ya pili na ya tatu. Akianzia katika lugha asiyoielewa, atajifunza kutamka tu.

Swali linalofuata ni kama vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo. Vipo, na watu wamevihangaikia. Mwaka 1991 ulianzishwa Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa shuleni, zilizobaki mchapishaji akaziuza mwenyewe. Mwandishi alipata tumaini, mchapishaji alipata mtaji, shule ikapata vitabu. Mwaka huo huo Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam. Elieshi Lema naye ameandika hadithi za watoto na pia kuzichapisha.

Hatusemi kila kilichochapishwa kwa Kiswahili ni kizuri. Vingi vya vitabu hivi vina ugonjwa mmoja: vinahubiri. Mtoto mtundu anavunjika mguu ukurasa wa kumi, anatubu ukurasa wa kumi na mbili, na kabla msomaji hajapumua anakutana na maswali ya ufahamu. Kisa kinakuwa dawa iliyopakwa asali, na watoto si wajinga, huinusa dawa kutoka mbali.

Linganisha na Abunuwasi. Huyu ni laghai, anamwadhiri mwenye mali na kumcheka sultani, wala hatubu. Kisa chake cha sufuria iliyozaa na baadaye ikafa hakimalizi kwa nasaha, kinamwachia mtoto kazi ya kuamua nani alistahili kuchekwa. Wazee wetu wa mwambao wamekisimulia tangu enzi, na ndugu zetu walioko Ghuba watakumbuka kuwa jina lenyewe ni la mshairi wa Baghdad. Mwaka 1996 mchoraji Gado alimweka Abunuwasi katika kitabu cha katuni, kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema. Mtoto asiyeweza bado sentensi ndefu huongozwa na picha hadi mwisho wa ukurasa, kisha hurudi kusoma maneno ajue kwa nini mwenzake anacheka. Bado wapo walimu wanaodhani katuni si kitabu! Sisi tungeiweka rafu ya mbele.

Kwa wakubwa kidogo kipo Ndoto ya Amerika cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2003. Kinagusa ndoto ambayo watoto wa nyumbani wanaichukua kutoka kwetu, kutoka kwenye simu zetu na viatu vyetu tunapokuja likizo. Walibora, aliyefariki Nairobi mwaka 2020, mwenyewe alisoma na kufundisha Marekani, lakini kitabu hiki alikiandika kabla ya kuwa profesa huko. Tungependa kuona kinasomwa na watoto wa pande zote mbili za bahari.

Lakini hata kitabu kizuri hakisomwi kikiwa ndani ya kabati lenye kufuli. Katika shule nyingi funguo ziko kwa mwalimu mkuu, na sababu yake inaeleweka: kitabu kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo hubaki visafi, vikisubiri wageni. Jumuiya inayotoa vitabu inaweza kuondoa hofu hiyo kwa barua moja tu, ikitamka tangu mwanzo kuwa vitakavyochanika au kupotea ni sehemu ya matumizi, na kwamba kila mwaka zitatolewa fedha za kufidia.

Mengine ni madogo. Rafu iwe chini, mtoto wa miaka saba aifikie. Pawe na daftari la kuazima na siku maalumu ya kila darasa, na mwalimu apunguziwe vipindi ili aisimamie kazi hiyo. Kitabu kiende nyumbani, bibi asomewe. Na fedha ambazo zingelipia kontena zipelekwe kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, walimu wa shule husika wakichagua wenyewe, nakala tatu au nne za kila kitabu ili marafiki wasome pamoja. Kamati zinazopanga michango ya mwaka huu zinaweza kuanza kwa kuomba orodha za bei.