Uzi Unaorudi

Sebule ya shangazi yangu ilikuwa na vitambaa vingi kuliko viti. Kochi lilikuwa na kimoja mgongoni na viwili mikononi. Kila stuli ilikuwa na chake, redio ilikuwa na chake, na televisheni ilipoletwa ilivishwa kabla ya kuwashwa. Vyote alivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe wa pamba na sindano moja fupi yenye kulabu nchani, kazi ambayo siku hizi tunaiita kroshia. Akishavifua alivitia wanga, akavitandaza mezani, akavivuta ukingo kwa ukingo kwa ncha za vidole, akaviacha vikauke hadi vikakamae. Sisi watoto tulijua sheria: kitambaa kikidondoka kinaokotwa kwanza, ndipo mgeni anasalimiwa.

Siku moja ya mvua alinipa sindano. Nilikuwa na miaka kumi. "Uzi upite juu ya kidole cha shahada, mwanangu, halafu uzunguke kidole cha mwisho. Usiukaze. Ukiukaza, na wenyewe unakukazia." Nilianza na mnyororo wa vitanzi sita, nikauunganisha ukawa kijiduara, na ndani yake nikasimamisha nguzo 12, yaani vitanzi virefu vinavyosimama wima. Hapo ndipo ilipo siri ya kitambaa cha duara kinacholala vizuri mezani: safu ya kwanza nguzo 12, ya pili 24, ya tatu 36, kila safu ikiongezewa 12 zile zile. Ukiongeza pungufu, kingo zinainuka na kitambaa kinakuwa bakuli. Kofia ya mtoto hupatikana hivyo. Ukizidisha, ukingo unakosa pa kulala, unajikunja mawimbi kama jani la sukuma wiki.

Mimi nilichoka kuhesabu, nikazidisha. Jioni nilikuwa na kitu kilichojikunja pande zote, na machozi yalikuwa karibu. Shangazi alikichukua, akahesabu kwa ncha ya sindano bila kusema neno, akanirudishia.

"Fumua."

Nilivuta uzi. Vitanzi vikafunguka kimoja kimoja kwa mlio mdogo mkavu, na kazi ya nusu siku ikaisha kwa dakika mbili. Mapajani mwangu ukabaki uzi. Haukuwa umenyooka kama mwanzo. Ulikuwa na mawimbi madogo madogo, kila wimbi alama ya kitanzi kilichokuwepo. Lakini ulikuwa uzi ule ule, haujapungua hata shubiri moja.

Kila ninapotaka kumweleza mtu kwa nini ajifunze kroshia, narudi kwenye uzi ule. Seremala akikata ubao vibaya, ubao haurudi. Fundi cherehani akipitisha mkasi pasipostahili, atamlipa mwenye kitambaa. Mpishi aliyezidisha chumvi atahangaika na viazi, na bado mlaji atajua. Mfumaji anarudishiwa mali yake yote. Lugha yetu inalijua hilo: kufuma na kufumua zimetenganishwa na irabu moja, kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Dawa ya kosa imewekwa ndani ya jina la kazi. Kwa mtu aliyekua akiogopa kukosea, aliyewahi kuchapwa kwa hesabu iliyomshinda ubaoni, hii ni shule ya upole. Inamfundisha vidole kwanza, moyo baadaye, kwamba kufumua ni sehemu ya kufuma.

Kuna uzuri mwingine ambao huuoni mpaka ushike sindano. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hubeba safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi. Sindano ikichomoka, vyote viko hatarini. Kwenye kroshia, kitanzi kilicho hai huwa kimoja tu. Maziwa yakianza kufurika jikoni, mtoto akilia, mgeni akibisha hodi, unakivuta kitanzi hicho kiwe kirefu kidogo, unaweka kazi chini, unakwenda. Ukirudi unakikuta kinakungoja. Nadhani ndiyo maana kazi hii ilizoea haraka nyumba za watu ambao muda wao haukuwa wao, watu wa dakika kumi hapa na robo saa pale. Shangazi alifuma akisubiri maharage yaive. Alifuma kwenye benchi la hospitali mumewe alipolazwa, na alifuma ndani ya basi. Sikumbuki kumwona akipumzika alasiri nzima, na bado aliacha vitambaa vya kutosha nyumba tatu.

Na alikuwa mtulivu. Mkono ukipata kazi inayojirudia, akili hupata pa kutua. Anayevuta tasbihi anaelewa ninachosema. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walichapisha majibu ya wafumaji zaidi ya 8,000 wa nchi mbalimbali, na karibu tisa katika kila kumi walisema kroshia huwatuliza. Waliojibu ni watu walioipenda kazi hii tayari, kwa hiyo sitaiita tiba. Lakini najua nilivyokuwa nikilala baada ya saa mbili za simu, na ninavyolala sasa baada ya safu mbili za uzi. Simu haina mahali inapoishia. Safu inaisha, na ukiisha kuihesabu una haki ya kuzima taa.

Kuhesabu huko kuna heshima kubwa kuliko tunavyodhani. Kwa muda mrefu wanahisabati walizungumzia uso wa haipaboli, uso unaotanuka kwa kasi kuliko nafasi uliyopewa, lakini kupata mfano wa kuushika mkononi kulisumbua. Mifano ya karatasi ilichanika upesi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua sindano ya kroshia na kufuata kanuni moja: ongeza kitanzi kila baada ya idadi ile ile ya vitanzi, safu baada ya safu. Alipata kitu imara, cha kukunjwa na kupimwa, kilichojaa mawimbi pande zote. Nilipokiona pichani nilikitambua mara moja. Kilikuwa kitambaa changu cha siku ya mvua. Yeye alizidisha kwa makusudi na kwa hesabu kamili, na kilichokuwa kosa kwenye meza ya shangazi kikawa jibu darasani. Kutokana na kanuni hiyo, mwaka 2005 ndugu wawili wa kike, Margaret na Christine Wertheim, walianza huko Los Angeles kufuma mwamba mzima wa matumbawe ya nyuzi, na maelfu ya watu wamechangia vipande vyake. Aliyewahi kuchungulia maji ya pwani yetu bamvua linapokupwa ameyaona mawimbi hayo hayo.

Kazi hii pia imelisha watu. Huko Ireland, viazi vilipooza na njaa kuu ikaingia kuanzia mwaka 1845, wanawake na wasichana wengi walifundishwa, mara nyingi na masista, kufuma lesi kwa sindano ya kulabu ili waiuze. Kwetu misheni na vilabu vya wanawake vya enzi ya ukoloni vilifundisha kushona na kufuma kama somo la utunzaji wa nyumba, na akina mama wakaligeuza somo hilo kuwa mali yao. Shangazi aliuza seti za makochi kwa mkopo, akalipwa baada ya mavuno, na sare zangu za shule zilitoka humo. Mashine za viwandani hufuma soksi na masweta kwa maelfu, lakini kroshia halisi imebaki kazi ya mkono. Kitambaa unachokigusa kimepita kwenye vidole vya mtu, kitanzi kwa kitanzi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, mwanamke kwa mwanamume, tafuta sindano ya milimita nne au tano na donge moja la uzi mnene. Chagua rangi nyepesi, maana kwenye uzi mweusi anayeanza haoni vitanzi. Fuma mnyororo. Utapinda, ufumue, uanze tena. Huhitaji meza, umeme wala chumba cha peke yako.

Shangazi alipofariki nilipewa mfuko wake wa kazi. Ndani mlikuwa na kitambaa ambacho hakijakamilika, safu tisa, na kitanzi cha mwisho kimeshikwa na pini. Kwa miezi mingi sikukigusa. Siku nilipokitandaza nikaona ukingo haulali, nikahesabu kwa ncha ya sindano kama alivyonifundisha. Safu ya tisa ilitakiwa kuwa na nguzo 108. Zilikuwa 113. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, na hakutuambia.

Nilikaa nacho muda mrefu. Nilitamani kukiacha vilevile, na makosa yake, kiwe kumbukumbu. Kisha nikachomoa pini, nikavuta. Uzi ulitoka na mawimbi madogo madogo, kila wimbi mahali kidole chake kilipopita, nao ukapanda juu ya kidole changu cha shahada na kuzunguka kidole cha mwisho. Sikuukaza. Nikaanza kuhesabu hadi 108.