Staha ya Jicho

Watu wengi huidhania kazi ya kupiga picha kuwa rahisi, kwa kuwa chombo chake hutenda kwa kufumba na kufumbua. Lakini mwenye kuyatafakari maisha ya mabingwa wake hakosi kutambua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hutimia kabla kidole hakijagusa kamera, katika subira, adabu na kutaka idhini. Hayo nayanena kwa kumkumbuka mpiga picha Sebastião Salgado, aliyezaliwa Aimorés, nchini Brazil, mwaka 1944, akafariki Paris mwaka 2025.

Elimu yake ilikuwa ya uchumi, na riziki aliipata London katika shirika la kimataifa la kahawa lililomtuma Afrika mara kwa mara. Hata kamera aliyoanzia ilikuwa ya mkewe, Lélia. Katika safari hizo picha zilimfurahisha kuliko taarifa za uchumi, na mwaka 1973 akauacha mshahara akaifuata sanaa. Mwaka 1986 aliwapiga picha wachimba dhahabu wa mgodi wa Serra Pelada, huko Brazil, makumi ya maelfu ya watu waliopakaa tope, wakipanda ngazi na magunia mgongoni. Naye, kwa nuru na kivuli pasipo rangi, akadhihirisha kwamba hata katika umati ule kila mja ana uso wake na hadhi yake.

Kisha ikaja 1994. Mauaji ya kimbari ya Rwanda, na dhiki ya wakimbizi waliofurika kambini Benaco, upande wa Tanzania, vilimjaza huzuni hata mwili wake ukadhoofika, akarejea katika shamba la wazazi wake, akalikuta limekatwa miti na kukauka. Lélia akatoa shauri kwamba msitu upandwe upya. Mwaka 1998 wakaasisi taasisi ya Instituto Terra, ikapandwa miti zaidi ya milioni 2, vijito vikatiririka na ndege wakarudi. Ardhi ilipopata uhai, naye akapata tena hamu ya sanaa yake, safari hii akiuelekea ulimwengu wa wanyama, milima na bahari.

Hapo ndipo ustadi wake ulipokamilika. Katika visiwa vya Galápagos, mwaka 2004, kobe mkubwa alijitenga naye kila alipomkaribia kwa kusimama; Salgado akapiga magoti, akatambaa kwa viganja, kimo chake kikawa sawa na cha kobe, na kobe aliposogea mbele yeye akarudi nyuma, ili mwenye nchi ajue kuwa mipaka yake imeheshimiwa. Ndipo kobe akaridhia kutazamwa. Kadhalika kwa wenyeji wa msitu wa Amazon, katika kazi iliyotoka mwaka 2021, alitundika turubai porini likawa studio, wenyeji wakaja mbele yake kwa hiari, na picha zikaandikwa majina yao.

Kwa hiyo wanaoigawa sanaa hii, sura za watu upande mmoja na maumbile upande wa pili, wanakigawa kitu kimoja; maana binadamu na kobe wote wana haki ya kutotazamwa kama ngawira. Na ikiwa bingwa huyu hakuona unyonge kumpigia kobe magoti, sisi tunaotembea na kamera mifukoni hatuna udhuru wa kumpiga mtu picha bila kumwomba.